Naomba ushauri: kifurushi cha vinywaji melini au ninunue mvinyo kwa chupa?

Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tunajiandaa kwa safari ya meli ya kitalii, na suala la vinywaji limenikwamisha. Mimi hunywa glasi mbili za mvinyo mwekundu wakati wa chakula cha jioni, basi. Mwenzangu hagusi pombe kabisa, lakini kampuni inataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi cha pombe (yaani unalipa bei moja ya kila siku badala ya kulipia kila glasi), tena kwa siku zote za safari, hata zile tutakazoshinda bandarini. Juu ya bei hiyo kuna asilimia 18 ya huduma. Kwa mtu atakayekunywa juisi tu, naona ni kumwonea.

Nimepiga hesabu ya kununua chupa mezani, maana ikibaki wanaiandika namba ya chumba na kukuletea kesho yake. Pia wanaruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mililita 750, ila ukiifungulia mgahawani unalipia.

Je, kuna aliyewaomba wamuuzie mwenzake kifurushi cha vinywaji baridi peke yake wakakubali? Na mvinyo wa bei ya chini kwenye orodha zao unanyweka, au bora nibebe wangu na kulipa hiyo ada?

Natanguliza shukrani.