Corolla 110 inalowa kwa abiria mvua ikinyesha, ila ikioshwa hailowi

Mkazi_wa_Mbuya
Habari zenu wakubwa. Gari ni Corolla AE110 ya 1998, usukani kulia, haina dirisha la paani. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi kapeti la mbele kushoto, pale abiria anapoweka miguu, limelowa chepechepe. Ukilikanyaga maji yanapanda. Kwa dereva kukavu, nyuma kukavu. Gari hulala kwenye mteremko chini ya mwembe, ubavu wa kushoto ukiwa chini. Cha ajabu, ikioshwa kwa mashine ya presha haiingii hata tone. AC haifanyi kazi, gesi iliisha zamani. Rejeta naijaza maji ya bomba. Kioo cha mbele kilibadilishwa mwaka jana baada ya kupigwa na kokoto. Fundi anataka azungushie silikoni kioo kizima na milango yote minne, yaishe. Nikubali?

Spana14
Usikubali, ssebo. Silikoni ikipakwa kabla tundu halijajulikana huziba hata njia za kutokea, maji yakabaki ndani yakila bati. Halafu ile inayonuka siki wakati inakauka ina asidi, nayo huanzisha kutu. Mabaki yake yanazuia gundi ya kioo isishike siku ukitaka kufanya kazi ya kweli.

Kwanza jua ni maji gani. AC umeshaiondoa mwenyewe kwenye orodha. Mpira wake wa kutolea maji ukiziba, kapeti hilohilo la abiria hulowa, lakini siku za joto AC ikiwa inafanya kazi, si usiku wa mvua gari likiwa limezimwa.

Inabaki rejeta ndogo ya hita, iliyo nyuma ya dashibodi. Mwenye kulanti, yaani dawa ya rangi ya kupozea injini, angeona rangi, angehisi utelezi na harufu tamu. Wewe unatia maji ya bomba, kwa hiyo dalili zote tatu huna. Injini ikiwa baridi, tia alama ya kalamu kwenye chupa ya akiba na uhakikishe rejeta imejaa mpaka shingoni. Endesha siku 3 zisizo na mvua. Kina kikishuka au kapeti likipata unyevu, mshukiwa ni hita. Kuthibitisha, toa mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa injini, uiunganishe yenyewe kwa kipande cha bomba na klipu mbili, maji yairuke hita. Kampala hutaikosa hita. Ukipanda Kabale kwenye baridi ndiyo utaikumbuka.

Bodi_Jinja
Mteremko na mwembe vimeshasema nusu ya jibu. Chini ya waipa kuna plastiki nyeusi yenye matundu, na chini ya plastiki hiyo kuna mfereji wa bati unaopokea maji yote ya kioo cha mbele. Maji hutokea pembeni, kushoto na kulia, yakashuka nyuma ya madigadi hadi chini. Ndani ya mfereji huohuo, upande wa abiria, kuna tundu kubwa ambalo feni huvutia hewa ya nje. Tundu hilo limeinuliwa kwa ukingo mfupi tu. Majani yakiziba pembe ya kushoto, na gari likalala limeinamia kushoto, kina kinapanda mpaka kinavuka ukingo, maji yanamwagikia feni, kisha miguuni kwa abiria. Pale inapooshwa sakafu ni tambarare na maji ni ya dakika chache, mfereji haujai. Mvua ya usiku kucha inaujaza.

Kuufungua: bandika utepe kwenye kioo kuonyesha waipa zinapolala, usije ukazirudisha zimepinda. Toa nati za mikono ya waipa, spana 12 au 14. Mkono ukigoma usiupige nyundo, utingishe huku na huku hadi uachie. Klipu za plastiki za umri huo huvunjika zikiguswa tu, kwa hiyo nunua za akiba kabla ya kuanza, soko la vipuri la Kisekka hazikosekani.

Majani yazoe kwa mkono. Ukiyapiga kwa presha utayasukumia ndani ya madigadi, na huko yatakaa yakishika unyevu kama mbolea. Kama yameshafika huko, toa plastiki ya ndani ya madigadi (skrubu na bolti za 10) uyavutie chini. Usichokonoe kwa waya wa chuma, unakwangua rangi na kukaribisha kutu palepale maji yanapopita.

Ukimaliza, mimina lita 5 polepole kwenye pembe ya kushoto na uangalie nyuma ya gurudumu la mbele. Mkondo utoke mara moja na kwa nguvu ileile unayomimina. Ukianza kuchuruzika baada ya kungoja, bado pameziba.

Nyota_ya_Bombo
Naongeza namna ya kupima, maana wengi humwagia gari zima maji halafu wanashangaa yameingilia wapi. Usitumie mashine ya presha: hupenyeza maji kwenye raba nzima, na pale penye kasoro ya kweli inapita haraka mno. Tumia mpira wa kawaida wa bomba, bila kichwa cha kupulizia, maji yatiririke tu kwa utulivu.

Ndani toa kwanza plastiki ya kizingiti cha mlango, plastiki ya pembeni mwa miguu na droo ya dashibodi. Kunja kapeti lirudi nyuma mpaka uone bati. Kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha nyunyiza unga wa chaki au poda ya mtoto ukutani na sakafuni. Tone likipita linaacha mstari, nawe unaufuata kwenda juu. Mwenzako akae ndani na tochi.

Anzia chini kwenda juu: chini ya mlango, kisha mfereji wa waipa, kisha pembe ya chini ya kioo, kisha ubavu wa kioo, paa mwisho. Kila mahali dakika 10, bila kuhama. Ukianzia paani maji yatashuka kila mahali na hutajua lolote.

Mlango una kipimo chake. Mimina lita 2 taratibu kwenye raba ya nje ya dirisha. Ni kawaida maji kuingia ndani ya mlango. Yanatakiwa yatokee kwenye matundu ya chini. Yakitokea upande wa ndani, juu ya kizingiti, nailoni iliyo nyuma ya ubao wa mlango imebanduka, mara nyingi baada ya mtu kufungua kurekebisha spika au kufuli asiirudishe vizuri. Ibandike kwa utepe wa byutili, ule wa raba laini inayonata, si selotepu. Na kama mikeka ya juu ni mikavu huku sifongo ya chini imelowa, usidhani mlango ndio uliopitisha kwa sababu tu uko karibu.

Mkazi_wa_Mbuya
Asanteni sana. Majibu: alama ya chupa ya akiba haikusogea siku 3. Mfereji ulikuwa na majani meusi yaliyooza, karibu nusu ndoo, na sasa lita 5 zinatoka mara moja. Nyumba ya feni kavu. Mlango nao mzima. Lakini mpira ulipokaa pembe ya chini ya kioo, kushoto, dakika ya 8 tone moja moja lilianza kushuka kwenye fungu la nyaya linalotoka upande wa injini. Je, ni ile raba ya kupitishia nyaya?

Bodi_Jinja
Inawezekana, lakini usiihukumu kwa sababu umeliona tone hapo. Maji yakishagusa nyaya huzifuata hadi mahali pa chini kabisa. Funga tishu mbili kwenye fungu hilo, moja palepale linapotoka kwenye raba, nyingine sentimeta 10 juu, na ya tatu ibandike kwenye bati chini ya pembe ya kioo. Rudia maji palepale. Ikilowa ya kwenye raba kwanza, safisha raba na uizungushie gundi ya yurethani kwa upande wa injini. Ikitangulia ya bati, ni kioo, na kwa kioo kilichobadilishwa naweka dau hapo.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kubomoa. Funga madirisha yote, weka hewa ya nje, feni kasi ya mwisho. Ziba kwa utepe mpana matundu ya kupumulia gari, yale yaliyo nyuma ya bampa la nyuma, upepo usikimbie. Kisha paka povu la sabuni ya vyombo kwa brashi kuzunguka kioo. Panapovuja povu litatoa mapovu madogo yasiyokoma.

Mkazi_wa_Mbuya
Tishu ya bati ilitangulia, na mapovu yanatoka pembe ya chini kushoto, urefu wa kidole. Naweza kuziba hapo tu kwa juu?

Bodi_Jinja
Gundi ya juu itashika vumbi na gundi ya zamani, msimu wa pili unarudi hapahapa. Mara nyingi kisu cha kukatia kioo cha kwanza hukwangua rangi mpaka kwenye bati, fundi akabandika juu yake bila praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza. Kutu ikaota chini ya gundi, rangi ikaachana na bati, maji yakapata njia. Gundi yenyewe huenda ni nzima kabisa.

Kioo kitolewe. Kutu isuguliwe hadi bati jeupe, ipakwe praima ya kutu, ikauke, kisha praima ya gundi kwenye bati na ukingoni mwa kioo. Gundi iwe yurethani ya vioo, mstari mmoja usiokatika wenye umbo la pembetatu, na kioo kikalishwe kabla haijaanza kukauka juu. Fundi akitoa chupa ya silikoni, mshukuru uondoke.

Spana14
Kapeti lisikauke kwa kuachiwa milango wazi. Sifongo ya chini hushika maji siku nyingi huku juu pakiwa pakavu, na hiyo ndiyo inayonuka. Toa bolti 4 za kiti cha abiria. Kama gari lina mifuko ya hewa au waya chini ya kiti, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuchomoa soketi yoyote. Anika kapeti juani siku 2 au 3, uligeuze. Bati lililo wazi lisugue ulipige praima, na vizibo vya raba vya sakafuni virudi vyote. Soketi za pembeni mwa miguu zifungue uangalie rangi ya kijani kwenye pini. Zisafishe kwa dawa ya kusafishia soketi, si dizeli.

Mkazi_wa_Mbuya
Nimepata fundi wa Alhamisi. Mvua za Aprili hizi, nifanyeje isije ikaniharibia gundi usiku huo?

Bodi_Jinja
Mvua haina neno ikishapata saa chache, gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewani. Kinachoiharibu ni kubamiza mlango: hewa ya ndani inasukuma kioo kutoka kwenye gundi mbichi. Acha dirisha moja wazi vidole viwili, egesha kwenye tambarare siku ya kwanza, na mashine ya presha isiikaribie kwa siku 2. Utepe wa kushikilia kioo usiutoe kabla ya kesho yake.