Wanatukatia uzio wa bustani kila usiku: tuweke seng'enge au miiba?

Kijana_wa_Walukuba: Shikamooni wakubwa. Mtaani kwetu hapa Jinja kuna kibustani cha umma kilichokuwa kimegeuka jalala, makaloli, wale korongo wala taka, wanatua hadi juu ya bembea. Wakazi 14 tukachanga, tukafyeka, tukapanda nyasi za paspalumu, bembea tukazichomelea upya. Sasa kila usiku mtu anakata uzio. Usingizi sipati. Seng'enge au miiba?

Hajat_Bombo: Hongereni wanangu. Enzi zetu za bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, ngoma ikilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Siku hizi ukiwaita wanakutumia emoji ya mikono.

Fundi_Tororo: Seng'enge itaibiwa. Mimi nilizungushia mihogo yangu, wiki haikuisha nikaikuta kwa jirani inalinda kuku. Na salamu ananipa!

Mama_Sheria: Lango lina kufuli?

Kijana_wa_Walukuba: Lipo, la usalama tu.

Mama_Sheria: Ufunguo anao nani?

Kijana_wa_Walukuba: Mimi. Na langoni tunatoza 1,000, ya maji na mlinzi. Kabla hamjanirukia, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, anajua. Kitu cha bure watu hukichafua, si mliona lile jalala?

Boda_Mbale: 😂😂 Kumbe uzio hauibiwi, unapitiwa! Hao ni watoto wanataka bembea.

Mama_Sheria: Mwenyekiti wa LC1 hana bustani ya kukugawia. Katiba ya 1995, ibara ya 237: ardhi iliyotengwa kwa ajili ya mazingira, serikali au halmashauri huishika kwa amana ya wananchi wote. Jinja ni jiji tangu 2020, nenda halmashauri ukaombe makubaliano ya kuitunza, kwa maandishi. Sisi Kampala tumeitazama Constitution Square, bustani ya umma katikati ya jiji, miaka mingi kutoka ng'ambo ya barabara, polisi ndani, raia nje. Nawe unataka kutuongezea nyingine?

Nyasi_Kavu: Ngojeni. Paspalumu mlipanda lini?

Kijana_wa_Walukuba: Januari.

Nyasi_Kavu: Januari, jua lile? Nauza nyasi mwaka wa tisa huu, mteja wa Januari sijampata. Jamani, hii hadithi ya kutunga.

Fundi_Tororo: Hata mimi nilishangaa. Watu 14 wachange na wasigombane?

Kijana_wa_Walukuba: Waligombana, wamebaki sita. Na maji tulibeba kwa jerikani kutoka Nile, safari sita kila jioni. Njoo uone bega langu lilivyochubuka.

Boda_Mbale: Kuliona bega ni shilingi ngapi?

Kijana_wa_Walukuba: Cheka tu. Haya, halmashauri nitakwenda Jumatatu. Lakini tiketi 500 zishachapwa, na muhuri zimepigwa. Nizipeleke wapi?

Hajat_Bombo: Lete Bombo, mwanangu. Nafungia njugu.