Legacy B4 ya mwaka 2005: pesa ya kwanza ya kuongeza nguvu niiweke wapi?

Mgeni wa B4 (Raskazone, Tanga)

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu habari zenu. Mwezi uliopita nilinunua Subaru Legacy B4 2.0GT ya mwaka 2005, ya gia za mkono, kwa mtu wa Dar es Salaam. Ndilo gari nililolitamani tangu nikiwa sekondari. Mita inasoma kilomita 142,000, ingawa sote tunajua mita za magari ya mtumba zinavyosoma.

Nimetenga shilingi milioni nne za kuliongezea nguvu, na kijiweni nimekwisha kupewa ushauri wa kila aina. Mmoja ananiambia nianze na filta ya wazi na ekzosi kubwa ili nipate ule mlio wa Subaru. Mwingine anasema niweke valvu ya turbo (ile feni ya kusukumia hewa ya ziada kwenye injini) inayopumua nje kwa mluzi, na yupo fundi aliyeniahidi kuiandika upya programu ya kompyuta ya injini kwa muda wa nusu saa na kufikisha nguvu farasi 320. Safari zangu ni za mjini, Muheza kila wiki kwa ajili ya kazi, na mara moja kwa mwezi napanda Lushoto kwa wakwe. Gari linakwenda vizuri, isipokuwa usukani hutetemeka nikikanyaga breki kwa nguvu, na kwenye matuta husikika kugonga upande wa nyuma. Je, nianze na kipi?

Fundi wa Ngamiani

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa gari. Injini hiyo ya EJ20 yenye turbo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu farasi 280 kwa gari la gia za mkono, na 260 kwa la otomatiki. Kabla hatujazungumzia 320, niambie: katika wale 280, waliobaki ni wangapi? Joto, oili iliyocheleweshwa na mipira iliyokakamaa hupunguza nguvu kimyakimya, na wewe huwezi kujua kwa sababu hukuliendesha gari hilo likiwa jipya.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, ya silinda zote nne na uandike namba zake, kwa kuwa injini hizi zina udhaifu unaojulikana kwenye sehemu za pistoni zinazoshika ringi, na kuongeza presha ya turbo juu ya pistoni iliyokwisha kuumia ni kununua injini nyingine kwa mkopo. Mkanda wa taiming, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikiwa huna stakabadhi ya kuonyesha kwamba ulibadilishwa, uhesabu kuwa haukubadilishwa, na ubadilishe pamoja na rola zake na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Plagi nazo zikague. Silinda za Subaru zimelala ubavuni, plagi zinatazamana na chesi, na mafundi wengi (nami nilikuwa mmoja wao nilipokuwa kijana) huzikwepa kwa uvivu wa kuingiza mkono, kisha humwambia mteja kwamba bado ni nzima.

Kuna kitu kingine kidogo kinachoua turbo za magari haya, nacho ni kichujio cha waya mwembamba kilichofichwa ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Oili ikichakaa, kichujio hicho huziba, turbo hukosa oili, na mwenye gari huambiwa kwamba turbo imekufa kwa uzee. Kikague, kisha shika mwendo wa kubadilisha oili kila kilomita 5,000 na kutazama kijiti cha kupimia oili kila wiki, kwa kuwa EJ20 hunywa oili bila kumwaga hata tone chini.

Kuhusu mlio, nasikitika kukuambia kuwa hutaupata kwa ekzosi. Ule mngurumo wa Subaru za zamani ulitokana na mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana kutoka silinda hadi kwenye turbo. Legacy ya kizazi hicho, kilichoanza mwaka 2003, ina mabomba yenye urefu uliolingana na turbo ya njia mbili, na ndiyo maana turbo yake huamka mapema. Ukirudisha mabomba yasiyolingana utapata kelele na utapoteza wepesi huo, kwa gharama yako mwenyewe.

Filta ya wazi iache. Itavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, na pia itavuruga hesabu ya kihisi cha hewa, kwa sababu kompyuta huhesabu hewa inayoingia kwa kufuata umbo na kipenyo cha bomba la kiwandani. Bomba likibadilika bila programu kurekebishwa, petroli inaweza kupungua kuliko inavyotakiwa, na injini ya turbo inayokosa petroli huchoma pistoni. Ile valvu ya mluzi ina kasoro ya kinyume chake: humwaga nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, kompyuta ikaendelea kuipelekea petroli yake, na kwa kitambo injini hupata petroli kupita kiasi.

Mama wa Soni

Mwanangu, mimi ninakaa kwenye hiyo barabara ya wakwe zako, na kabla ya nguvu nataka kusikia habari za breki. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka takribani mita elfu moja kwa kona zisizoisha, na magari yanayoteremka yakinuka pedi tumeyazoea kama tunavyozoea ukungu wa asubuhi. Usukani unaotetemeka ukikanyaga breki unaonyesha kuwa diski za mbele hazina unene ulio sawa, na hapo ndipo pesa yako ya kwanza inapoitwa.

Jambo ambalo watu wa pwani hulisahau ni maji ya breki. Hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu wa Tanga haupungui. Maji ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 155, na katika mteremko huu joto hilo ni rahisi kulifikia. Yakichemka hufanya mapovu, na kanyagio huzama hadi chini bila gari kusimama. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, weka pedi nzuri zinazovumilia joto, na ushuke kwa gia ya pili au ya tatu badala ya kuning'inia kwenye breki. Ukimaliza kupanda usizime injini papo hapo. Endesha taratibu kilomita ya mwisho ili turbo ipoe.

Mkazi wa Mikanjuni

Ninaheshimu maneno ya fundi na ya mama, lakini kwa suala la programu ninatofautiana kidogo na fundi. Gari hili liliuzwa Japani kwa ajili ya petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango cha nchi hiyo ina okteni (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati) 96 au zaidi, na programu yake iliandikwa kwa kudhani petroli hiyo ipo kila kituo. Sisi tunajaza petroli iliyopo. Tangi linapokuwa na okteni ya chini, injini husikia mlipuko usio wa wakati wake, kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda, na hapo farasi wengine hupotea kila siku. Kwa hiyo programu iliyorekebishwa kwa petroli yetu na joto letu, yenye presha ileile ya kiwandani au hata pungufu kidogo, mimi naihesabu kuwa ni kinga ya injini, na ningeitanguliza mbele ya ekzosi ya aina yoyote.

Lakini si ya nusu saa. Programu ya kunakiliwa kutoka gari la mtu mwingine ni sawa na kuvaa miwani ya jirani. Mrekebishaji anayejua kazi atafunga kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi, ataliendesha gari huku akisoma kumbukumbu za kompyuta, atarekebisha, ataendesha tena, na kazi hiyo hula siku nzima.

Fundi wa Ngamiani

Hapo hatutofautiani sana, kaka. Ninachokataa ni kurekebisha programu ya injini ambayo haijapimwa, kwa sababu kama kuna hosi ya turbo iliyopasuka, mrekebishaji ataandika programu ya kulisawazisha tundu, na siku hosi ikibadilishwa hesabu zote zitakuwa zimeharibika.

Mgeni wa B4

Ahsanteni sana. Jumamosi nilikwenda kulipima gari. Silinda tatu zilisoma karibu sawa, na ya nne ilikuwa chini kidogo, si ya kutisha kwa mujibu wa aliyepima, ila alinishauri nirudie baada ya kilomita 5,000. Hosi moja ya turbo ilikuwa na ufa unaofunguka ukiibonyeza kwa vidole. Maji ya breki yalitoka na rangi ya chai ya rangi, na kule kugonga kwa nyuma kunatokana na bushi mbili (mipira ya viungo vya chini ya gari) zilizokwisha.

Lililonishtua zaidi ni matairi. Mbele namba za mwisho ni 1116, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2016, na nyuma nina matairi mawili ya kampuni tofauti, moja likiwa limelika kuliko mwenzake. Basi nimeamua kuanza na mkanda wa taiming na pampu, hosi, plagi, boliti ya turbo, diski, pedi na bushi, na matairi manne mapya ya 215/45R17. Programu itasubiri kipimo cha pili cha kompresheni. Swali langu la mwisho: je, ninaweza kununua matairi mawili sasa na mawili mwezi ujao?

Fundi wa Ngamiani

Nunua yote manne kwa pamoja, ya aina moja. Gari lako huvuta kwa magurudumu yote, na matairi yenye mizunguko tofauti huifanya difu ya katikati (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) ifanye kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Kama pesa haitoshi, bushi zisogezwe mwezi ujao, na kwenye matuta ya Muheza upite taratibu.