Bei ya fedha ikishuka, nani huumia zaidi: mchimbaji au kampuni ya strimingi?

Mwanahisa: Ndugu zangu, nina hisa za kampuni inayochimba fedha, na kila bei ya madini hayo inapoteremka, hisa zangu huporomoka maradufu. Nimeshauriwa nihamie kampuni za strimingi, yaani zile zinazompa mchimbaji pesa kwa mkupuo ili baadaye ziuziwe sehemu ya fedha yake kwa bei nafuu. Je, hizo hazitikiswi?

Mhasibu: Hutikiswa, ila kwa kiasi tofauti. Chukulia mgodi unaotumia dola 15 kutoa wakia moja, kisha bei ishuke kutoka dola 30 hadi 20. Bei imepungua kwa theluthi moja, lakini faida ya mchimbaji imetoka dola 15 hadi 5, kwa sababu mishahara, dizeli na umeme haviifuati bei ya soko. Kampuni ya strimingi yenye mkataba wa kulipa dola 5 kwa wakia imetoka faida ya dola 25 hadi 15: imeumia, lakini bado inapumua.

Mjiolojia: Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hukoma pale mgodi unapofungwa, maana wakia isiyochimbwa haina faida kwa yeyote. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza madini yanayoubeba mgodi. Sehemu kubwa ya fedha duniani hutoka pamoja na risasi, zinki, shaba au dhahabu, hivyo bei ya fedha pekee ikianguka, migodi hiyo huendelea kuchimba. Fedha ilikaribia dola 49 kwa wakia Aprili 2011, na kufikia mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya dola 14. Mwaka huo huo kampuni ya madini ya Glencore, iliyoelemewa na madeni, ilipokea dola milioni 900 kutoka kampuni ya strimingi ya Silver Wheaton, ambayo leo ni Wheaton Precious Metals, kwa sehemu ya fedha ya Antamina, mgodi wa shaba na zinki nchini Peru. Mnunuzi alikubali kulipa asilimia 20 ya bei ya soko kwa kila wakia. Kwa hiyo anguko lile lile lililopunguza mapato yake ndilo lililomletea mchimbaji mlangoni.

Mwanahisa: Nashukuru sana. Nimeifungua ripoti ya mwaka ya kampuni yangu: ina mgodi mmoja tu, na karibu mapato yake yote hutokana na fedha.