Acheni kugawa picha zenu za giza! Nimepoteza usiku wa siku tatu hapa Kigoma

Wakuu, nimekasirika na sifichi.

Sisi wa Kigoma tunaopiga picha za anga tunaijua shida yetu. Usiku usio na mbalamwezi tunaoutaka sisi ndio huohuo wanaoutaka wavuvi wa dagaa, ziwa zima linawaka taa. Kwa hiyo nilipanda milimani kupita Mwandiga, siku tatu mfululizo, nikaipiga Nebula ya Lagoon, lile wingu la gesi linalong'aa angani, ikiwa juu karibu na utosi. Picha 320, sekunde 60 kila moja, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600. Zaidi ya saa tano za mwanga!

Kabla sijaenda niliuliza kuhusu picha za kusahihishia, zile za kuondolea kasoro za kamera: za giza, zisizoingiza mwanga kabisa, na za flati, zenye mwanga sawa kote. Mkongwe mmoja wa fani hii, mtu ninayemheshimu, akanijibu: "Usimalize betri bure dogo, kamera zetu ni modeli moja, nakutumia zangu." Akatuma furushi zima, za giza na za flati.

Jana nimeziunganisha na zangu kwenye programu. Uchafu mtupu.

Modeli moja si kamera moja! Kila sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ina pikseli zake zinazowaka zenyewe, na joto likipanda zinazidi. Picha ya giza unaipiga kwa kamera yako, kifuniko kikiwa kwenye lensi, sekunde zilezile, ISO ileile, baridi ileile ya usiku huo, maana kamera zetu hizi hazina kipoozeo. Zake, nimekuja kujua, alizipiga chumbani mchana. Programu imeondoa madoa yake yasiyokuwepo kwangu, ikaniachia vitundu vyeusi. Madoa yangu yamebaki yote na yamechora michirizi.

Flati ndiyo imeniuma zaidi. Ile inasahihisha kona zinazofifia na vumbi la sensa YAKO, kwa lensi ileile, fokasi ileile, bila kugusa kitu. Unavuta fulana nyeupe mbele ya lensi, unaielekeza kwenye anga la alfajiri, picha 20 au 30, umemaliza. Mimi sasa nina viduara vya vumbi la mtu mwingine katikati ya nebula.

Za giza nitazipiga upya nikipata usiku wenye baridi kama ile. Flati siwezi tena: lensi nilishaitoa, sensa nimeisafisha.

Mkuu uliyenitumia, najua unasoma hapa. Wengine uliowapa furushi hilo waambie leo, kabla hawajatoa lensi zao.