Nina miaka 44, narudi kwenye baiskeli: Phoenix ya baba mkwe, ya Mjapani au mtumba wa gia? (Moshi)

Kijana_wa_Zamani (mleta mada)

Habari za asubuhi wakuu.

Mara ya mwisho kuwa na baiskeli yangu nilikuwa kidato cha tatu. Baada ya hapo ikawa daladala, bodaboda, kisha gari. Mwaka huu nimetimiza 44, kitambi kinatangulia mlangoni kabla yangu, na daktari kanipa onyo la upole. Mpira siwezi tena, goti la kushoto lilishastaafu. Nikakumbuka baiskeli.

Mashindano sitaki. Nataka Jumamosi alfajiri nitoke nyumbani Pasua, nizunguke njia za vumbi, nirudi kunywa chai kabla jua halijawa kali. Njia ninazowaza ni tatu: kushuka Mabogini kwenye mashamba ya mpunga hadi upande wa miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, kuingia Msitu wa Rau, au kupanda Uru hadi Materuni kwenye migomba.

Kuhusu chombo: kuna Phoenix ya baba mkwe imelala stoo, naweza kuichukua bure. Kuna jamaa anauza baiskeli ya Kijapani yenye kikapu na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu la nyuma), safi kabisa. Na kuna mitumba ya Ulaya ya tairi nene, gia 21, shokapu mbele. Moyo wangu uko kwenye hii ya tatu, ila mfuko unasema nianze na ya kwanza.

Wazoefu nisaidieni. Nawasilisha.

Fundi_Majengo

Mkuu, mimi ni fundi na kila wiki naletewa baiskeli na watu wa aina yako, kwa hiyo nisikilize.

Hiyo ya Kijapani ni nzuri kwa mama wa kwenda sokoni, na mimi mwenyewe nyumbani ninayo. Shida ni tairi. Angalia ubavuni imeandikwa nini. Ikiwa ni inchi 27, siku tairi likichanika utazunguka mji mzima. La 28 halikai, la 26 halikai. Na kuna zilizoandikwa 26 x 1 3/8, watu wanafurahi wakidhani watavalisha tairi la mtumba wa mlima. Hapana. Rimu hiyo ni kubwa zaidi, hazibadilishani kabisa. Nimeshuhudia mtu kanunua tairi mbili mpya akazirudisha dukani analia.

Phoenix ni 28, tairi na tyubu zipo hadi vijijini, na hata spoku ikikatika fundi wa chini ya mwembe anakubadilishia. Uzito wake ni wa punda, lakini Mabogini ni tambarare, uzito haukusumbui. Kinachosumbua ni breki. Zile breki za fito zinavuta mpira ubane rimu ya chuma inayong'aa, na rimu hiyo ikilowa ni kama umepaka mafuta. Kiangazi sawa. Masika, Machi hadi Mei, usishuke nayo mteremko wowote.

Mtumba wa gia ndio wenye mitego. Ukienda kuchagua, usitazame rangi. Inua gurudumu lizungushe, uone kama linacheza kushoto kulia kati ya mipira ya breki. Shika kranki (mkono wa pedali) itikise kwa pembeni. Ikigonga, jua kuna kazi ndani. Kisha pitisha kidole chini ya fremu, pale bomba linapokutana na shingo ya usukani. Rangi ikiwa imekunjamana hapo, baiskeli hiyo iliwahi kugonga ukuta huko ilikotoka, achana nayo hata wakikupa kwa bei ya kutupa. Shokapu nazo nyingi zimeshakufa, zimebaki uzito tu. Ukipata isiyo na shokapu kabisa, chukua hiyo.

Mama_Wawili

Kaka hongera. Mimi nilirudi nikiwa na 39, na nitakwambia ambacho fundi hawezi kukwambia kwa sababu yeye hukaa chini anatengeneza.

Wiki ya kwanza hutalia miguu, utalia makalio. Usinunue tandiko pana la sponji; linafariji dakika kumi halafu linakuchubua mapaja. Vumilia wiki mbili, mwili unazoea. Na siti ipandishe! Mafundi wetu wote (samahani Fundi_Majengo) wanashusha siti ili miguu miwili iguse chini. Ukiendesha hivyo magoti yamekunjwa muda wote, na wewe una goti bovu. Kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukihamishia pedali kwenye unyayo wa mbele, goti linabaki na mkunjo kidogo tu. Mimi maumivu ya magoti yaliisha siku hiyohiyo.

Kuhusu njia, Rau ndiyo kipenzi changu. Unatoka kwenye jua la mashamba ya mpunga, ghafla giza la miti, chemchemi pembeni, mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe. Njia ni tambarare ila mizizi ni mingi, na baada ya mvua kuna tope la kuvuta kiatu. Ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo pita kwa wahusika kwanza, usiingie kama mwizi wa kuni.

Halafu jiandae na maneno. Mimi naambiwa "mama mzima!" kila kona. Siku hizi najibu shikamoo tu, wanacheka, napita.

Mzee_wa_Uru

Vijana mnaongelea Materuni kama mnaongelea kwenda dukani. Kutoka mjini ni kupanda tu, mwanzo hadi mwisho. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000. Getini Marangu, ambako watalii wanadhani ndiko mlima unakoanza, ni karibu mita 1,870. Uru na Materuni ni tumbo la mlima huohuo. Phoenix utaisukuma kama mkokoteni. Gia 21 zitakusaidia, ila nazo zina mwisho wake.

Na kupanda si tatizo, mtu akichoka anakaa chini ya mgomba. Kurudi ndiko kwenye matatizo. Unashuka dakika arobaini mikono imebana breki, vidole vinakufa ganzi, na watoto wa shule wamejaa njiani. Mwanangu, mwaka huu wa kwanza usije kwetu na baiskeli. Njoo na gari, mbege ipo.

Tanga_Kwetu

Nacheka hapo kwa Phoenix. Sisi tulijifunza kwayo tukiwa darasa la pili, kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu maana juu hatufiki, mwili wote umeinama upande kama mchungwa uliopigwa na upepo. Bado nina kovu. Ichukue hiyo ya bure mkuu.

Nakuru_Dereva

Salamu kutoka Kenya. Mimi nilianza kwa kukodisha. Pale Karura Nairobi unakodi baiskeli msituni, na Hell's Gate huku kwetu Naivasha unakodi karibu na geti, unapita katikati ya pundamilia na twiga. Nilikodi miezi kadhaa kabla ya kununua, na nikagundua kwamba ile niliyokuwa naitamani dukani ingenivunja mgongo. Moshi na watalii wote hao lazima kuna wa kukodisha. Jaribu tairi nene siku mbili kwanza.

Fundi_Majengo

Mama_Wawili kwenye siti umenishinda, nakubali. Ila wateja wenyewe ndio wanataka iwe chini, wanaogopa kuanguka.

Nilisahau kitu kikubwa: mbigili. Ukishuka chini ya Mabogini kiangazi, ile miba midogo iko kila mahali. Pancha tatu kwa safari moja ni jambo la kawaida. Beba tyubu ya akiba na pampu, siyo viraka tu. Na ukiona mbigili umenasa kwenye tairi, usiuchomoe kabla hujawa tayari kuziba, maana wakati mwingine wenyewe ndio unaozuia upepo usitoke.

Upepo nao: usijaze hadi tairi liwe jiwe. Kwenye tairi nene la 26, mtu wa kilo 80 njia ya vumbi, PSI 35 hadi 40 kwenye kipimo cha pampu zinatosha. Hakikisha tu hazishuki chini ya namba ndogo iliyoandikwa ubavuni, kama ipo.

Kijana_wa_Zamani (mleta mada)

Wakuu, wiki saba zimepita, narudi kutoa mrejesho kama ilivyo desturi.

Nilianza na Phoenix, siti juu, breki zimebadilishwa mipira. Mabogini Jumamosi nne mfululizo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kibo iko wazi kabisa, mpunga kijani, maji yanapita kwenye mifereji ya ule mradi wa Wajapani. Pancha mbili, zote mbigili. Siku ya kwanza nilichoka nikiwa bado naona nyumba yangu, sitanii. Wiki ya nne nilifika hadi kwenye miwa na kurudi bila kushuka.

Kisha nikajiona bingwa, nikaenda Rau siku moja baada ya mvua. Fundi, uliniambia. Kuna kimteremko kidogo hata hakistahili jina hilo, kinaelekea kwenye mfereji. Nikabana breki mbili kwa nguvu zote, baiskeli ikaendelea kana kwamba sijagusa kitu. Niliingia kwenye jaruba la mpunga hadi kiunoni. Mama aliyekuwa anapalilia alisimama, akanitazama, akasema, "Pole baba, breki hizo ni za kiangazi." Nilidhani ni fumbo, kumbe anazo mbili za hivyohivyo kwake.

Sasa nimenunua mtumba, 26, gia 21, bila shokapu. Ya kwanza niliyopenda ilikuwa na rangi imekunjamana shingoni, nikaiacha, muuzaji akanuna. Hii niliyopata imechakaa rangi lakini magurudumu yamenyooka. Rau imekuwa njia nyingine kabisa. Natazama mbega badala ya kutazama mfereji. Phoenix ameichukua mke wangu, anaenda nayo Kiboriloni, na ameikataza familia nzima kuigusa.

Mzee_wa_Uru, nilijaribu kupanda kwenu Jumapili, nikageuka nusu ya njia. Mbege nitaifuata kwa gari.

Mama_Wawili

Jumamosi hii naingia Rau saa kumi na mbili na nusu. Ukifika kabla yangu nisubiri, na njoo na pampu, yangu kaazima mtoto.

Mzee_wa_Uru

Nusu ya njia siyo haba. Ulifika kwenye ule mwembe mkubwa au uliishia kabla?

Kijana_wa_Zamani (mleta mada)

Kabla, mzee.