Eti "nikuwekee au nikunusishe?" Wakuu, yule jamaa leo kanivua nguo mbele ya foleni nzima

Tenki Kavu (mwenye uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari, nimepaki pembeni, mikono inatetemeka. Injini nimezima. Siku hizi hata hasira inabidi uipandishe injini ikiwa imezimwa.

Yule jamaa wa pampu pale kituo cha mafuta mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kofia, anayetafuna kijiti, anayekugongea boneti kwa kiganja kana kwamba alichangia kulinunua gari. Jina silitaji, hana haja ya kutajwa.

Nimekaa foleni mpaka ndevu zimeota. Kila ikisogea nashuka nasukuma kwa mkono ili nisiwashe, watu wanapita wananipa pole wakidhani gari bovu. Hatimaye nimebakiza gari moja mbele yangu. MOJA. Ndipo naona kijana anapanda ngazi kwenye ubao wa bei, anang'oa namba ya zamani, anabandika mpya. Kama mpya ilikuwa kubwa au ndogo sihitaji kuwaambia.

Nikashusha kioo, nikamwuliza yule jamaa kistaarabu kabisa: "Kaka, haya mafuta yaliyomo humo chini si ndiyo yale yale ya jana? Lori lililoleta mapya liko wapi?" Basi. Swali la kawaida la mteja. Akanitazama mimi. Akatazama mshale wangu wa mafuta. Akatazama noti niliyoikunja kiganjani. Halafu akapaza sauti ili na wa nyuma kabisa wapate:

"Bosi, nikuwekee au nikunusishe?"

Foleni ikacheka. Wakuu, foleni ILICHEKA. Kulikuwa na mtoto mchanga amebebwa mgongoni, hajaota hata jino, naapa na yeye alicheka. Na wale walionipa pole ya gari bovu ndio waliocheka mpaka wakashika magoti.

Nikunusishe! Mimi! Mtu ninayeendesha kwa adabu kuliko msafara wa mazishi! Kiyoyozi nimesahau kitufe chake kiko wapi. Nimetoa tairi la akiba, nimetoa jeki, nimetoa mazulia, nimetoa hata miwani ya jua iliyokuwa kwenye dashibodi ili gari liwe jepesi. Abiria wangu namuuliza kilo zake kabla hajafungua mlango. Halafu mtu ananyanyua bomba la pampu, ananitazama usoni, anasema aninusishe?

Na asije mtu hapa na habari za soko la dunia. Soko la dunia nalijua. Tarehe 20 Aprili 2020 pipa la mafuta ghafi ya Marekani lilifunga siku kwa dola 37 na senti 63 CHINI ya sifuri. Muuzaji anakulipa wewe uondoke nayo! Siku ile yule jamaa alikuwa wapi? Mbona hakuja kunigongea boneti, "bosi, njoo uchukue chenji yako"? Kupanda tunapanda wote, kushuka anashuka peke yake na kijiti chake.

Nimeuliza habari ya mafuta, nimejibiwa habari ya pua. Nimemaliza.

Hapana, sijamaliza. NIKUNUSISHE?

Kipilefti

Pole sana mkuu. Ila swali la msingi: alikuwekea au alikunusisha?

Tenki Kavu

Hilo si la msingi.

Kipilefti

Kumbe alikunusisha.

Binti Gia

Nimecheka kikaoni mpaka mwenyekiti kaniuliza kama nina hoja. Mkuu, yule namjua, kwangu mimi alichungulia kwenye mdomo wa tenki akaita, "Hodi! Kuna mtu?" Wewe umeonewa huruma.

Fundi Nozeli

Tenki Kavu, pole, lakini unajitesa bure. Umetoa tairi la akiba halafu yale manne yanayobeba gari nina uhakika hayana upepo wa kutosha. Tairi laini linakula mafuta kuliko jeki na miwani yako vikiwekwa pamoja. Jaza upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, siyo kwa kupiga teke. Na siku ukipata pancha bila tairi la akiba utanipigia simu mimi, nami sitapokea.

Kingine, mwendo. Ukizidisha kasi mara mbili, upinzani wa upepo haupandi mara mbili, unapanda mara nne. Hapo ndipo hela yako inakoenda, wewe umekaa unamlaumu mtoto wa watu na kofia yake.

Tenki Kavu

Fundi, mimi nimetukanwa, wewe unanipimia upepo?

Mteremko Bure

Fundi atakuficha. Siri ni moja tu: mteremkoni tia nyutro. Gari linateleza lenyewe, injini haili kitu. Mimi mlima ukiisha nazima kabisa, nasikia ndege tu.

Fundi Nozeli

Ndege utawasikia kweli, na malaika pia. Ukizima injini, nyongeza ya nguvu ya breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga kabisa. Na nyutro haikusaidii. Kwenye injini za nozeli (zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini) zinazoendeshwa na kompyuta, ukiacha gia ndani ukatoa mguu kwenye mafuta, nozeli zinafungwa, haiingii petroli. Ukitia nyutro ndipo inalazimika kuchoma kidogo ili isizime. Hiyo hadithi yako ni ya enzi za kabureta.

Mteremko Bure

Gari langu ni la kabureta.

Fundi Nozeli

Nilijua tu.

Mhasibu wa Pampu

Mwenye uzi, nitakujibu maana yule jamaa hakukujibu. Mwenye kituo hauzi mafuta ya jana, anatafuta hela ya kununua ya kesho. Akiuza akiba yote kwa bei ya zamani, lori likija hana cha kulipia. Ndiyo maana ubao unabadilika hata kama tenki la chini halijaguswa.

Na ile hasi ya 2020 uliyoishika ilikuwa mikataba ya mafuta ya kupokea mwezi Mei, muda wake ulikuwa unaisha kesho yake, dunia imejifungia kwa korona, na matenki ya Cushing kule Oklahoma, Marekani, mafuta hayo yanakopokelewa, yanakaribia kujaa. Mkataba mmoja ni mapipa 1,000. Pipa ni lita 159. Tena ghafi, hayajasafishwa. Ungelipwa, sawa. Ungeyamwaga wapi?

Tenki Kavu

Kwa hiyo bei ikipanda anafikiria mafuta ya kesho. Ikishuka mbona anakumbuka aliyonunua mwezi jana?

Mhasibu wa Pampu

Hapo umenipata. Hilo si lako peke yako. Mchumi Robert Bacon alipima bei za petroli za Uingereza, akaandika mwaka 1991 kwamba zinapanda upesi na kushuka kwa kujivuta. Halafu kuna kodi na usafirishaji ndani ya kila lita, hivyo kwa sehemu kubwa havishuki ghafi ikishuka.

Kipilefti

Yaani mzungu kasoma mpaka uchumi ili aje kusema kitu ambacho konda wa basi anakijua.

Abiria wa Dirishani

Asante kwa kumtaja konda. Nyie wenye magari mnalia humu, sisi wa nauli tulie wapi? Mafuta yakipanda asubuhi, nauli imepanda asubuhi hiyo hiyo, konda hata hajanawa uso. Mafuta yakishuka ukiuliza anasema "mafuta ya zamani haya." Mafuta ya zamani! Wiki nzima gari linatembelea mafuta ya zamani! Na akikosa chenji anakuunganisha na abiria mwingine usiyemjua, mshuke pamoja mkatafute pa kuvunjia. Nimeshashuka na mtu kituo kisicho changu.

Binti Gia

Mkaoana?

Abiria wa Dirishani

Aliondoka na hela yote.

Mzee wa Pipa

Vijana, mmezaliwa juzi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipowakatia mafuta walioiunga mkono Israeli, pipa lilitoka kwenye dola kama 3 likakaribia 12 katika miezi michache. Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaingia barabara kuu na baiskeli, wengine na farasi. Marekani mwaka 1974 waliweka mwendo wa juu maili 55 kwa saa nchi nzima, ni kama kilomita 88, ili kubana matumizi. Kuna majimbo yaliyogawa foleni kwa namba ya mwisho ya gari: leo shufwa, kesho witiri. Ukikosea siku, unarudi na tenki lako tupu. Hapo ndipo pa kulia, si kuulizwa kunusa.

Kipilefti

Shikamoo mzee. Farasi wa Uholanzi alikuwa anakwenda kilomita ngapi kwa lita?

Mzee wa Pipa

Marahaba. Alikuwa anafika, tofauti na gari lako.

Dizeli Daima

Ndiyo maana mimi niko dizeli. Nasoma huu uzi kwa amani.

Fundi Nozeli

Dizeli Daima, salimia zile nozeli. Ukiletewa bei ya kuzibadilisha utarudi kwenye huu uzi bila amani.

Pikipiki Msomi

Ngoja niseme la kwetu. Mteja anakubali bei, anapanda, tukifika anasema "lakini wewe si pikipiki, unanusa tu mafuta." Tena neno hilo hilo la kunusa! Na mwingine anapanda na gunia, anapakata kuku, anamwita na mdogo wake wakae nyuma, halafu anauliza kwa nini tunakwenda polepole. Na mafuta yenyewe yamechakachuliwa, mtu amechanganya na ya taa, injini inagonga mlimani mpaka mteja anadhani ni moyo wake.

Tenki Kavu

Wakuu turudi kwenye mada. Mimi nimesimamishwa mbele ya umma, nimeulizwa kama nataka kunusishwa. Kuna hatua yoyote tunachukua?

Mama Sukani

Kaka pole, ila umenikumbusha langu, na mimi langu ni la damu. Nina shemeji. Anaazima gari kila wikendi. Analichukua mshale uko juu, analirudisha taa ya mafuta inawaka, na anaegesha mteremkoni makusudi, pua juu, ili mshale udanganye. Jumatatu naingia barabarani tambarare, mshale unaanguka, gari linakohoa, linazima katikati ya makutano. Trafiki ananiuliza, "Mama, hukuona taa?" Taa niliiona wapi wakati mtu kapaki gari linatazama mbinguni!

Binti Gia

Dada huyo shemeji ni wangu. Wangu mimi anaacha na risiti ya mafuta kwenye kiti ili nione "ameweka". Nikisoma tarehe, ni risiti yangu mwenyewe.

Abiria wa Dirishani

Sina gari lakini huyo shemeji ninaye. Ananikopa nauli.

Fundi Nozeli

Mama Sukani, hilo ni jambo zito kuliko la mwenye uzi. Kwenye magari mengi ya sasa pampu ya mafuta imo ndani ya tenki, na mafuta hayo hayo ndiyo yanaipoza. Ukizoea kutembelea taa inawaka, pampu inachemka, siku moja inakufa. Mwambie shemeji bei ya pampu mpya, halafu mtazame usoni.

Mama Sukani

Pampu IMESHAKUFA. Nimelipa mimi. Yeye alikuja hospitali ya magari na soda, akasema "pole shemeji, haya magari siku hizi hayana uimara."

Kipilefti

Soda alikununulia au alikuja anakunywa yake?

Mama Sukani

Alikuja anakunywa yake. Na hela ya soda aliokota kwenye sahani ya chenji ya gari langu.

Shemeji wa Watu

Nimesoma nikanyamaza, lakini sasa mmezidi. Kwanza gari nililirudisha limeoshwa. Hilo mbona hulisemi humu mbele ya watu?

Mama Sukani

LIMEOSHWA! Niendeshe kwa sabuni?

Mteremko Bure

Shemeji, ulikuwa unatia nyutro?

Shemeji wa Watu

Sana. Mlima wote. Lakini hayo tuyaache. Shemeji, tusigombane mbele za watu, sisi ni ndugu. Jumamosi gari linatoka?